Sindano Ilikuwa Juu

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka duka la spea nimefura. Nilienda kununua filta ya oili tu. Filta! Mwenyekiti wa chama cha magari ya zamani alikuwa pale, ameegemea kaunta na ile kofia yake ya ngozi, na mbele ya watu wote akaniuliza kama mwaka huu nimekaza nati zote. Wakacheka. Hata muuza duka, ambaye gari lake nimelifufua mimi mwenyewe, alicheka mpaka akashika tumbo.

Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linalonikereketa — kwamba nilicheka nao.

Mwaka mzima sasa! Mwaka jana kwenye matembezi ya chama ya kupanda mlima kwa magari, gari la Baba lilikufa kwenye kona za juu. Injini ilikwama, haizunguki mbele wala nyuma. Injini niliyoifunga mimi, kwa mikono hii. Watu wakamzunguka Baba kumpa pole, na Baba akawaambia sindano ya presha ya oili ilikuwa juu mpaka dakika ya mwisho. Yaani hapakuwa na dalili. Yaani kuna kitu kimeachia ndani. Yaani fundi! "Binti yangu bado anajifunza," akasema, na akatikisa kichwa kwa huruma. Nina zaidi ya miaka arobaini. Gereji ile naiendesha mimi tangu mgongo wake ulipomshinda.

Mwaka huu matembezi ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Baba anakwenda. Ameshawatangazia wote.


Jumatano, 5 Machi

Leo nimemwambia Baba kwamba bila kipoza oili gari halipandi mlima.

Nilijipanga kabisa. Nilimweleza kwamba kwenye mlima mrefu oili inachemka, inakuwa nyepesi kama maji, presha inashuka, beringi zinakauka, kwisha. Gari hili halina taa ya kuonya, lina geji tu. Na krenki, ule mhimili mkuu wa injini, imechongwa mara ya mwisho — Fundi Milimita, yule mchonga vyuma, alinirudishia na kusema haina nyama tena. Ikiumia mara nyingine, basi. Krenki ya injini hii haipatikani popote, nimetafuta mpaka nimechoka. Kwa hiyo tunaweka kipoza mbele ya rejeta, oili ipite humo ipate upepo, irudi ikiwa na nguvu.

Baba alisikiliza huku anachokonoa meno. Kisha akasema gari hili lilikuwa likipanda mlima ule kabla sijazaliwa, na halikuwa na kidude chochote puani. Akasema oili haikuchemka. Sindano ilikuwa juu. Tatizo lilikuwa ndani.

Ndani! Ananitazama machoni anasema ndani.

Nikatoka nikaenda kupiga nyundo kitu ambacho hakikuhitaji nyundo.


Alhamisi, 6 Machi

Mama ameingilia. Sijui alimwambia nini. Asubuhi Baba akatamka, bila kuniangalia, kwamba niweke hicho kidude changu, ila nikitoboa hata tundu moja kwenye bodi la gari nisimwite baba.

Sawa. Hakuna tundu. Nitakifunga kwa bolti za rejeta zilezile. Wataona.


Jumapili, 9 Machi

Tulikwenda kumwona mama mdogo. Hali nzuri, anatembea bila fimbo sasa, ile nyonga imeunga. Tulikwenda kwa gari dogo la kila siku, Baba kwenye usukani, Mama pembeni, mimi nyuma kama mzigo.

Kichwa kimeniuma njia nzima kwa sababu ya Mama. Hanyamazi! Punguza, mbele kuna tuta. Kushoto kuna baiskeli. Taa imewaka nyekundu, mume wangu. Mtu anavuka. Mtu mwingine anavuka. Sisi watoto tulimpa jina la Dereva wa Mdomo miaka mingi, lakini siku hizi amezidi. Baba wala hakasiriki, eti anaitikia tu "naam, naam," kama mtu anayesikiliza redio. Mimi angeniambia hivyo ningeshuka nitembee.

Tulipofika nyumbani Baba akalikwaruza gari kwenye nguzo ya geti. Akashuka, akaipapasa nguzo, akauliza nani ameisogeza. Mama akajibu haraka kwamba geti lile tangu mwanzo lilijengwa vibaya. Nilicheka sana ndani ya nafsi yangu. Cheko la kwanza wiki nzima.


Jumanne, 11 Machi

Kipoza nimekipata! Kwenye uwanja wa vyuma chakavu, kwenye gari la mizigo lililopinduka, kimekaa salama bila hata mkunjo. Saizi inaingia mbele ya rejeta kana kwamba kimezaliwa pale.

Lakini kipoza cha mtumba ni cha kuogopa. Hujui injini yake ilikufaje. Kama beringi zilisagika, ule unga wa chuma umejificha humo ndani, na ukikifunga bila kukisafisha unaenda kuua injini yako kwa uchafu wa marehemu. Nimekiosha kwa petroli, nimekitikisa, nimemwaga kwenye kitambaa cheupe, nimetazama juani kama kuna kinachometameta. Mara ya kwanza kulikuwa na vumbi la chuma. Nikarudia. Nikarudia. Mpaka kitambaa kikatoka na petroli tu.

Baba alipita na kikombe chake cha chai, akauliza naosha sufuria ya nani. Nikaendelea kukitikisa. Nikipandisha sauti nitaambiwa sina adabu.


Ijumaa, 14 Machi

Milimita ananiua. Nilimpa kazi rahisi — kisahani kinene cha chuma kinachokaa kati ya bloku ya injini na filta, chenye njia ya oili kwenda na njia ya kurudi, na kivali kidogo ndani kinachobaki kimefungwa mpaka oili ipate moto. Asubuhi gari halihitaji kupozwa, linahitaji kuamka. Kivali ndicho kinachojua lini.

Amekichonga vizuri sana, sikatai. Lakini kila nikienda kukichukua ananiambia bado anakipima. Kipimo gani kisichoisha? Leo nimekaa kwenye benchi lake na kumwambia siondoki. Akakifuta kwa kitambaa, akanipa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwaka jana kweli niliacha kitu ndani ya injini. Eti anauliza kama rafiki.

Milimita! Aliyeipima krenki hiyo kabla na baada, aliyeona mwenyewe kwamba beringi zilikauka zote, si moja! Nikamwuliza yeye anaonaje. Akasema kwa macho yake alidhani ni joto, lakini mzee amesema sindano ilikuwa juu, na mzee hawezi kukosea kusoma geji.

Basi ndivyo ilivyo. Chuma kinasema hivi, Baba anasema vile, wanamwamini Baba.


Jumatatu, 17 Machi

Nimefunga siku nzima. Kipoza kimekaa mbele ya rejeta kwa vishikizo nilivyokunja mwenyewe, maungio yakitazama juu ili hewa isibaki imenaswa. Hakuna tundu hata la sindano ya kushonea. Mipira nimeipitisha mbali na ekzosi, nimeifunga mahali inapopita kwenye kona za vyuma isije ikakatika. Kisahani cha Milimita kimekaa kwenye bloku kama kimemiminwa hapo. Lazima niandike ukweli hata kama nimemkasirikia.

Kabla ya kufunga nilipitisha ukucha kwenye uso wa bloku, nikakuta mpira wa filta ya zamani umeng'ang'ania pale. Ukifunga mpya juu ya wa zamani, oili inatoka yote kwa mkupuo. Hayo ndiyo makosa ya mtu anayejifunza, Baba. Mimi nilipitisha ukucha.

Kesho nahamisha mrija wa geji, ule mwembamba wa shaba, kutoka pale ulipokuwa uje kwenye kisahani kipya. Kisha tunajaza oili.


Jumanne, 18 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilimwita Baba akae kwenye usukani na kuzungusha ufunguo, mimi nibaki mbele nikitazama maungio. Plagi zote nje, injini izunguke tu bila kuwaka, mpaka oili ijaze mipira na kipoza. Ukiona presha, ndipo unarudisha plagi na kuwasha. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo.

Akazungusha. Nikapaza sauti, sindano imepanda? Bado, akasema. Akazungusha tena, muda mrefu, mpaka betri ikaanza kulalamika. Nikauliza tena. Akajibu kwa furaha kabisa:

"Imepanda! Imesimama hamsini, kama askari!"

Nilifurahi. Naapa nilifurahi mpaka nikasahau hasira zote. Nikainama kuokota kitambaa nifute mikono — na nikaona mrija wa geji. Unaning'inia! Asubuhi nilikuwa nimeziba tundu lake kwa bolti, nikajiambia nitaurudishia baada ya chai, nikasahau. Geji haikuwa imeungwa na kitu chochote. Ile sindano haikuwa na njia yoyote ya kupanda.

Nikazunguka upande wake, nikaingiza kichwa dirishani. Sindano imelala kwenye sifuri, imelala fofofo. Na Baba ameielekezea uso, anatabasamu.

"Vipi, hukusikia? Hamsini."

Nikamwambia asante, ashuke apumzike.

Kwanza nilikasirika kwa sababu ya uongo. Nikasema mzee amechoka kukaa, anataka chai yake, ndiyo maana anaropoka namba yoyote. Nilikuwa nimeinama kwenye bomba nanawa mikono ndipo mwaka jana ukanijia. Sindano ilikuwa juu mpaka dakika ya mwisho. Ilikuwa juu! Nilikaa chini palepale kwenye maji.


Alhamisi, 20 Machi

Siku mbili namtazama.

Nilimwomba spana ya kumi na tatu. Akanipa ya kumi na tatu. Nikasema labda nimekosea, labda anaona. Kisha nikamwangalia vizuri alivyoitafuta — hakutazama droo. Alipitisha kidole gumba kwenye midomo ya spana moja moja. Anazijua kwa kidole. Nati anazijua kwa kidole, waya anazijua kwa mahali zinapopita, gereji nzima anaijua kwa hatua zake. Nimefanya kazi pembeni yake na sikuona. Nani hapa ni kipofu?

Lakini geji iko nyuma ya kioo. Kioo hakipapasiki.

Na lile geti. Na Mama kutangaza kila baiskeli. Nilicheka! Mwaka jana Mama hakwenda mlimani, alikuwa hospitali na mama mdogo siku ile nyonga ilipovunjika. Baba alikwenda peke yake. Alipanda mlima wote ule peke yake, sindano inashuka mbele ya uso wake, na hakuna wa kumwambia.


Ijumaa, 21 Machi

Nimemwambia. Najuta, sijuti, sijui.

Nilingoja amalize chakula. Nikamwambia kwa utaratibu, bila kupandisha sauti, nilikuwa nimejikaza kweli, kwamba Jumanne aliposema sindano iko hamsini, geji haikuwa imeungwa. Mrija ulikuwa nje. Sindano ilikuwa sifuri.

 Kijiko kikabaki hewani. Nilidhani sasa atasema. Nilikuwa tayari, hata machozi yalikuwa yameshaanza kunilenga. Nilikuwa tayari kumwambia, Baba, haidhuru.

Akaweka kijiko chini. Akasema:

"Kwa hiyo ulisahau kuunga mrija."

Nikasema ndiyo, lakini —

"Umesahau mrija. Unaona, mwanangu? Ndivyo ulivyosahau mwaka jana. Mimi sikulaumu. Lakini jifunze kukubali."

Jamani! Jamani! Niliinuka nikaondoka kabla sijasema neno ambalo lingenifuata mpaka kaburini.  Amelichukua kosa langu dogo, lile lililomfichua, akanipiga nalo usoni! Na alisema kwa upole. Angefoka ningevumilia.

Mama alikuwa mlangoni na sahani mikononi. Alisikia yote. 


Jumamosi, 22 Machi

Nimembana Mama jikoni, nimefunga mlango.

Anajua. Amejua muda mrefu. Walikwenda wote kwa daktari wa macho, daktari akasema macho yanakufa taratibu na miwani haisaidii, na asiendeshe tena. Waliporudi Baba alimwapisha asimwambie mtu, hasa mimi. Kwa nini hasa mimi? Mama akasema kwa sababu mimi ndiye nitakayemnyang'anya ufunguo.

Nikamwuliza na mwaka jana? Ulijua kwamba injini haikuwa kosa langu?

Akaendelea kupangusa meza ambayo ilikuwa safi. Akasema alihisi.

Alihisi! Mwaka mzima amenitazama nikirudi kutoka dukani na uso umeniiva, wateja wakipeleka magari yao kwingine, mimi nikikaa usiku kucha nawaza ni nati ipi, ni pini ipi niliyoisahau — na yeye ananipikia chai na kuniambia nisiwajali watu! Nilimwuliza kama mimi si mtoto wake. Nilipiga kelele, naam, nilimpigia mama yangu kelele.

Na yeye akanijibu kwa kelele vilevile. Sijawahi kumsikia hivyo.

"Ulitaka nimvue nguo mume wangu barabarani? Wewe una mikono, una macho. Utafunga injini nyingine, watu watasahau. Yeye akishuka kwenye gari lile, anapanda nini tena?"

Nikamjibu na kama angeua mtu? Akakaa kwenye kiti. Akasema ndiyo maana yeye hukaa pembeni.

Tulikaa hivyohivyo, hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Nilipofungua mlango Baba alikuwa uani, amekaa upande wa dirisha la jikoni, redio imezimwa.


Jumatatu, 24 Machi

Nimeunga mrija. Nimerudisha plagi. Nimewasha peke yangu. Injini imeshika mara ya kwanza, sauti nzito, safi, hakuna tone linalovuja popote. Oili ilipopata moto kivali kikafunguka, nikagusa mipira ya kipoza, nikasikia joto linapita kwenda na kurudi na ubaridi kidogo. Kinafanya kazi!

Sikuwa na mtu wa kumwita aje aone. Kazi nzuri kuliko zote nilizofanya na nimesimama peke yangu kama mwizi.


Jumatano, 26 Machi

Nimelipandisha mlimani mwenyewe, sikumwambia mtu. Nilipanda taratibu nyuma ya malori, jua kali, mahali palepale. Jicho langu kwenye geji kila kona. Presha ilishuka kidogo, ikasimama. Haikutetereka tena mpaka juu kabisa.

Nilipofika nilizima, nikakaa kwenye boneti. Nilitegemea kufurahi. Badala yake nilipata hasira mpya, ya kijinga zaidi. Kwa sababu mwaka jana, hata bila kipoza, mtu anayeiona sindano ikishuka angesimama pembeni, angengoja ipoe, angeendelea. Hakuna kilichoharibika chenyewe ndani ya injini ile. Hakuna nati iliyoachia. Mwezi mzima nimefanya kazi kutibu injini.

Nimewaza pia hili. Neno moja tu kwa Mwenyekiti, mzee haoni, na jina langu linarudi siku hiyohiyo. Neno hilohilo linamtoa Baba kwenye gari, kwenye chama, kwenye kila kitu anachojua kufanya. Kwa nini mimi ndiye nikae na neno hili? Yeye alilisema langu kirahisi tu, bila kukosa usingizi.


Ijumaa, 28 Machi

Nimemwambia Baba kwamba Jumapili naendesha mimi. Sikutoa sababu.

Akauliza tangu lini. Nikasema tangu leo. Akasema gari ni lake. Nikasema injini ni yangu, na ufunguo uko mfukoni mwangu, kama anautaka auchukue. Mama akaacha kula.

 Kisha Baba akageuza maneno, akasema basi niendeshe mpaka chini ya mlima, apumzishe mgongo. Pale chini atashika yeye. Ndiyo desturi ya chama, mwenye gari ndiye anayepanda, watu wote wamekusanyika wanamtazama. Nami nikae pembeni, nimtazamie geji, kwa kuwa eti napenda sana mageji.

Nimtazamie geji. Hapo ndipo alipofika karibu zaidi na kusema kweli, na alilisema kwa kejeli.

Mama amenivuta kando, amenisihi. Ni Jumapili moja tu, mwanangu, mimi nitakaa nyuma, wewe mbele, sisi wawili tutakuwa macho yake. Mama! Zile kona! Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili hakuna kitu! Na watu wamejipanga kandokando na watoto wao! Nimekataa. Nimesema tukifika chini sitoi ufunguo. Akaniuliza basi nitawaambia nini watu wakiuliza kwa nini mzee hapandi.  


Jumapili, 30 Machi

Naandika nikiwa kwenye gari, chini ya mlima. Magari yamepangwa mstari mmoja, yanang'aa, watu wanazunguka na makamera. Tumefika salama. Niko kwenye usukani, ufunguo nimeubana mkononi. Injini ilitulia njia nzima, presha safi, kila anayepita anainama kutazama kipoza. Fundi mmoja nisiyemjua aliniuliza vishikizo nimenunua wapi. Nimekunja mwenyewe, nikamwambia. Akasema kazi safi. Nilitaka kumkumbatia.

Mama amekwenda kutafuta choo. Amenisihi nisifanye lolote mpaka arudi.

Baba yuko pale kwa Mwenyekiti, kwenye kivuli cha hema, katikati ya wazee wenzake. Amevaa shati jeupe. Namsikia kutoka hapa, sauti yake haijawahi kujua kunong'ona. Anawasimulia mwaka jana. Tena! Sindano iko juu, injini inaimba, mara kaa! — na anapiga makofi, na wao wanacheka. Halafu anasema lakini mwaka huu binti amerekebisha alipokosea, amejitahidi, tumpongeze. Wanageuka kunitazama. Wengine wananipungia mkono. Mwenyekiti ananyanyua kofia.

Alipokosea. Amesema alipokosea, mbele ya chama kizima, na tabasamu juu.

Basi. Imetosha. Nashuka, nawaambia wote, hapahapa, kwa sauti kubwa kuliko yake. Mrija, sifuri, daktari, yote. Mama ataniona ninavyoongea. Nimechoka kubeba.

Wamewaita madereva waingie kwenye magari. Baba anakuja. Anatembea kifua mbele kama bwana harusi, anasalimia kulia na kushoto, mkono unapitapita kwenye maboneti kana kwamba anayapapasa kwa mapenzi tu. Watu wanampisha. Amefika kwenye lile la kijani, amelipita. Amefika kwetu. Mkono umegusa boneti yetu —

Amepita.

Amelipita gari letu. Amepita mbele ya kioo changu, karibu hivi kwamba naona kifungo alichokosea kukifunga, na hakunitazama. Ameenda kwenye lile la pembeni, la Mwenyekiti, la rangi ya maziwa kama letu. Ameshika kitasa. Kimefungwa. Anavuta. Anainama dirishani, anaongea na kiti kitupu. Anasema fungua, mwanangu, tunachelewa.

Watu wanacheka. Wanadhani ni mzaha wake, wanapiga na picha. Yeye kasikia vicheko, naye anacheka nao, kicheko kilekile nilichocheka mimi dukani. Lakini hajaachia kitasa. Sasa ameinua kichwa kama mtu anayesikiliza. Anamwita Mama. Mama hayupo. Anamwita tena. Sasa ananiita mimi.

Mwenyekiti ameacha kucheka. Amemtazama Baba, amenitazama mimi, kofia mkononi. Anakuja dirishani kwangu.